Kuku Wasiokunywa Maji

Kuku hawanyamazi, nyie. Muulize yeyote aliyewahi kupakia matenga ya kuku kwenye pikapu: ni kelele tu mpaka ufike. Ndiyo maana Bakiri, mchinjaji wa mtaa wa Mayfair, mtu wa Tanga aliyehamia kusini mwa Afrika, aliposimama kwenye roboti nyekundu, yaani taa za barabarani, Ijumaa moja ya mwaka 2017 asisikie hata mlio mmoja nyuma yake, moyo ulimpiga paa.

Kuku wale walitoka kwa Mama Dikeledi, kusini mwa mji. Mama wa watu alihangaika miaka hadi akapata kipande cha ardhi chenye jina lake mwenyewe, na Bakiri ndiye aliyempigia debe msikitini: jamani, tunayatajirisha makampuni makubwa wakati kuna mama mweusi mwenzetu anafuga vizuri hivi? Wakamsikia. Tangu hapo Ijumaa Mayfair ilikula kuku wa Mama Dikeledi.

Bakiri hachinji mnyama mwenye kiu. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu babake. Akaweka karai la maji. Kuku wa kwanza akalitazama tu, akainamisha kichwa. Wa pili vivyo hivyo, kishungi kimegeuka zambarau. Na redio ilikuwa imeshatangaza mafua ya ndege, kwamba yakiingia bandani kuku wote huuawa.

Akapiga simu. Mama Dikeledi hakukana. Wengine walikufa jana, amewafukia nyuma ya banda. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, serikali ikijua, sina shamba tena. Chinja tu."

Wateja walikuwa wameshaanza kubisha hodi. Bakiri akakiweka kisu chini, akawarudisha wote makwao, akakaa mbele ya matenga. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walishasema. Ila hawakusema uchungu wa kumwumbua mtu unayempenda kama mamako. Mwishowe akampigia daktari wa mifugo.

Wiki iliyofuata alikwenda shambani kukiri mwenyewe. Banda tupu, chokaa imemwagwa kila mahali, hata jogoo wa kuwikia hakuachwa. Mama Dikeledi akamshika mikono yote miwili.

"Jirani yangu ndiye aliyenichongea," alisema. "Wanangu wameshakwenda kwake, na hawakwenda kusalimia. Wewe angalau umekuja kunipa pole."

Akampa kikombe cha maji. Bakiri akakishika, hakunywa.

"Mama," akasema, "waite wanao warudi. Ni mimi."