Rezista Isiyo na Rangi

Ilibaki saa moja pambano la mashine za muziki lianze, na upande wa kushoto wa Gavilán ukanyamaza. Gavilán ni mashine ya muziki ya Yadira Castellar, spika zake zinafika darini, na kushoto ndiko kwenye besi. Pale mtaani Rebolo, mashine isiyo na besi hata mbwa hawaikimbii.

“Mzee Nica, nakwambia mapema usije ukanilaumu,” Yadira alisema. “Ikigonga saa kumi na moja haijaongea, amplifaya hii naing’oa. Kesho nafunga mpya ya dukani.”

Nicanor Pertuz, fundi wake, alikwisha inama nyuma ya spika. Aliiunda amplifaya ile kwa mikono yake, na tangu mkewe afariki hakuwa na sababu nyingine ya kuamka asubuhi. Aliogopa.

Alizihamisha taa za kulia, zile valvu za kioo zinazokuza sauti, akazichomeka kushoto. Kushoto kukabaki kimya, basi taa hazikuwa na kosa. Akatwaa kijiti, akagongagonga kipuri kimoja kimoja, mpaka spika ikakohoa. Ilikuwa rezista ndogo, kipuri cha kupunguza umeme, imeungua katikati, na mita haikusoma kitu. Kuibadilisha ni kazi ya dakika tano kwa anayejua kiasi chake cha ukinzani.

Nicanor alikuwa amekisahau. Michirizi ya rangi inayotaja kiasi ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, na mkwanguaji ni yeye mwenyewe. Mtaa mzima una ugonjwa huo: wenye mashine hukwangua majina kwenye santuri wapinzani wasiujue wimbo, na mafundi nao hukwangua vipuri. Wala hakuandika popote, maana karatasi huibwa.

“Si upime mwenzake wa kulia?” Yadira aliuliza.

“Hana mwenzake. Upande wa kushoto niliufanya tofauti. Ndiyo siri yenyewe.”

“Basi umejiibia mwenyewe, mzee! Hakuna mwingine anayejua? Kamuulize. Mficha uchi hazai.”

Labda mmoja alijua: Wilfrido Altahona, aliyemsimamia binti ya Nicanor ubatizo, msaidizi wake kwa miaka sita. Siku moja besi kama ile ilisikika kwa wapinzani, na Nicanor akamfukuza mbele ya umati, akamwita mwizi. Miaka ishirini na sita hawajasalimiana. Sasa Wilfrido alikuwa fundi wa wapinzani hao hao, ng’ambo ya barabara.

Nicanor alivuka huku akimwomba Mungu jambo la ajabu, kwamba Wilfrido awe mwizi kweli. Mwizi angekuwa na kile kiasi.

“Fido, ile rezista ya kushoto uliyoiba… sitasema neno. Nitajie kiasi chake tu.”

Wilfrido, aliyekuwa akila kando ya mashine yao, aliacha kutafuna.

“Sikuwahi kuifungua amplifaya yako, Nica. Nilikuapia siku ile, hukutaka kusikia. Kiasi sikijui.”

Nicanor alikosa yote mawili. Hakupata kiasi, na mwizi hakuwapo.

“Ila sauti yake naijua,” Wilfrido alisema, akijifuta mikono. “Funga rezista ya kuzungusha, ile inayobadilisha kiasi. Wewe zungusha, mimi nisikilize. Masikio yako yameshaliwa na spika, unaongea kama unagombana.”

“Na watu wako hawa?”

“Nitawashinda mkiwa wazima. Kumpiga mgonjwa kuna sifa gani?”

Walivuka pamoja; zilibaki dakika nane. Nicanor alizungusha, jasho likimdondoka machoni. “Bado. Bado… umepitiliza, rudi. Rudi kidogo.” Yadira alikuwa akitazama saa na kumtaja kila mtakatifu anayemjua. “Hapo! Usiguse!”

Besi ikaruka, mabati yakatetemeka, watu wakapiga mayowe. Yadira alimkumbatia Nicanor kwa nguvu. Juu ya bega la Yadira, Nicanor alimwona Wilfrido anaondoka, keshafika katikati ya barabara.

“Fido!” aliita. Besi ikalimeza jina. Akaita tena, hata yeye hakujisikia.

Akauchomoa waya wa umeme. Mtaa wote ukageuka kumtazama.

“Mzee, umerogwa?” Yadira alipiga ukelele.

“Watu wa Rebolo!” Nicanor alisema, akimnyooshea Wilfrido kidole. “Mtu yule hakuiba kitu. Niliwadanganya mimi.”

Wilfrido alisimama pale pale, akavua kofia, akajifuta uso kwayo.