Mlango wa Godauni

Siku ile, kabla hata ya kunywa chai, nilikwenda kuhakikisha mlango unafungika. Ni mlango wa chuma wa kuburuta, wa godauni lililokuwa likihifadhi pamba zamani, na reli yake ilikuwa imeshika kutu. Niliimwagia oili chafu ya pikipiki mpaka mlango ukateleza. Wenzangu katika kundi la maigizo walidhani naogopa mvua, nami nikawaacha wadhani hivyo. Nilichoogopa ni watu kutoka.

Kwetu Usukumani ngoma haichezwi peke yake. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wanakwenda na kurudi. Hakuna jaji. Jua linapoinama, kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo limeshinda. Mama yangu alicheza ngoma hizo kijijini Samuye tangu usichana wake mpaka magoti yalipogoma. Sijawahi kumwona akimpigia mtu makofi. Kitu kikimpendeza anabaki, kisipompendeza anaondoka, wala haagi.

Na sisi tulikuwa na mpinzani bila kukusudia. Tulipopanga siku ya onyesho hatukuangalia ratiba ya ligi. Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi hiyo hiyo, watani wa jadi walikuwa wanakutana, na ng'ambo ya barabara kuna kibanda umiza, cha kuonyeshea mpira kwenye televisheni, chenye spika ndefu kuliko mimi.

Tamthilia niliitafsiri mimi. Ni komedi ya yule Mwingereza wa kale ambaye kila mwalimu wa Kiingereza humtaja: msichana aliyenusurika meli ilipozama anavaa suruali ya kaka yake anayemdhania amekufa, na mwanamke tajiri anampenda akifikiri ni kijana. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi isiyo na jalada, nikiwa kibarua kwenye karasha huko Geita, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kila mstari nimeuandika na kuufuta mpaka karatasi ikatoboka. Halafu niliacha kazi, nikarudi Shinyanga kwa ajili ya mazoezi. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Nitakuja kuona." Hapo nikajiwekea nadhiri ambayo sikumwambia mtu: akitoka kabla ya mwisho, Jumatatu napanda basi la Geita, na sitaandika tena.

Kuanzia saa tisa watu wakaanza kukusanyika nje. Nilisimama nyuma ya bango letu, nikasikiliza.

"Kwani ni ngoma?" aliuliza mwanamke mwenye beseni la karanga.

"Ni maigizo. Ya Wazungu wa zamani," akajibiwa na mwenzake.

"Wanashindana na nani?"

"Hawashindani na mtu."

"Sasa tutajuaje kama wanaweza?"

Dereva mmoja wa bodaboda aliyevaa jezi akaangua kicheko. "Wanashindana na dabi, mama! Na mpaka sasa wameshafungwa tatu."

Watu wakacheka.

Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amefika mapema kuliko wote, amevaa koti katika joto lile. Alipokuwa mwanafunzi aliigiza komedi hii hii kwa Kiingereza, na mawigi ya katani kichwani. Nilimwamkia.

"Marahaba. Nasikia meli umeitoa."

"Nimeweka mafuriko, mwalimu. Lori la pamba linasombwa na mto."

"Lori!" Alilitamka kama mtu aliyetafuna jiwe kwenye wali. "Na nyimbo?"

"Zipo. Kwa Kisukuma."

Alifunga vifungo vya koti. "Haya. Tutaona."

Nilikimbilia nyuma ya pazia. Msusi anayecheza yule msichana alikuwa anajifunga kanga kifuani ili shati la kiume limkae.

"Ule mstari wa kwanza," nikamwambia, "usiukate katikati."

"Umeniambia jana. Asubuhi ukanipigia simu. Sasa unaniambia tena."

"Nakukumbusha tu."

"Nenda kakae, bwana. Unanitia jasho, poda yote inatoka."

Mama alishuka kwenye bajaji pamoja na rika zake wawili, kigoda chake mkononi. "Mwadila!" waliwasalimu watu mlangoni, wakaitikiwa kwa shangwe kama wageni rasmi. Mama akakagua safu za viti. Nilikuwa nimezibananisha kwa makusudi, ili atakayetaka kutoka aruke magoti ya watu. Aliweka kigoda ukutani, karibu na mlango, akakaa.

Godauni lilipojaa, niliuburuta mlango. Giza likatushukia, na joto.

"Nani kafunga?" Sauti ya mama ilifika kila kona.

"Mimi, mama. Kelele za mpira zitatusumbua."

"Fungua."

Niliinama nikamnong'oneza. "Watu watatoka, mama."

Yeye hakunong'ona. "Si watoke! Umetufungia kama ng'ombe wa kuchanjwa?"

Vicheko vikalipuka. "Anaogopa dabi huyo!" alidakia mmoja wa rika zake.

"Mlango ubaki umefungwa!" mwalimu alisimama. "Tamthilia inatazamwa kwa utulivu!"

"Mwalimu, wewe una koti, umeshazoea kuiva," mama akamjibu. "Mtu akibaki kwa sababu amefungiwa, huyo naye utasema amebaki?"

Watu walianza kugonga viti. Msusi alichungulia kwenye pazia, macho yake kwangu. Mkono wangu ulikuwa kwenye chuma cha moto, nami nilitamani kila mmoja aende kwake, na mama awe wa kwanza, yaishe. Nilifungua. Nisijisifu, haukuwa ujasiri. Nilishindwa tu kuvumilia zile kelele. Mwanga ukaingia, na sauti ya mtangazaji wa mpira pamoja nao.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Watu walicheka mahali nilipotarajia, na mara mbili mahali ambapo sikutarajia, nikabaki najiuliza tumekosea wapi. Kisha ng'ambo wakapiga kelele za goli. Safu ya nyuma ikainuka, magoti yakarukwa, viti vikaanguka. Na mama akasimama. Alichukua kigoda chake akapita mbele yangu bila kunitazama. Nilimwona akiinua mkono kuzuia bajaji, akivuka, akizama kati ya jezi.

Jukwaani msusi aliendelea. Najua hakukosea, kwa sababu midomo yangu ilikuwa inacheza pamoja na yake. Lakini kichwani nilishafika Geita. Niliona vumbi jeupe la karasha kwenye kope zangu, na nikaanza kufikiria nani nimwombe anirudishe kazini.

Nilipotazama tena barabara, mama alikuwa anavuka kurudi. Nyuma yake walirudi watu wengine, si wote. Yule wa bodaboda hakuwemo.

"Mama, umerudi?"

"Nilikwenda kuwatazama wale. Utaijuaje ngoma kama hujaiona ya pili?" Alikuwa anahema kidogo. "Wanakimbia tu. Wimbo hawana."

Hakurudi ukutani. Alipita katikati ya viti akisukuma magoti, mpaka mbele kabisa, akavuka mstari wa chaki niliouchora ili mtu asisogelee jukwaa, akaweka kigoda hapo. Nilimfuata nikiwa nimeinama, nikiwaomba watu radhi.

"Yule tajiri bado hajajua kuwa anampenda msichana mwenzake?" aliniuliza.

"Bado, mama."

Alicheka mpaka akajifunika uso kwa kitenge. Kisha akanisukuma begani.

"Toka mbele sasa, unaniziba."

Nikachuchumaa.