Uwanja Tuliouponda kwa Ngoma

Nilipanda ndege kabla sijapanda gari. Wajukuu zangu hucheka nikiwaambia, lakini ndivyo ilivyokuwa, miaka ya thelathini, katika shule yetu karibu na Tinde. Juzi nilipita pale. Uwanja wetu umelimwa pamba, nami nikasimama barabarani kama mgeni, nikinusa udongo uliolowa mvua.

Tulikuwa kikosi cha gwaride cha shule, kaptura za kaki na miguu mitupu. Rubani mmoja Mzungu, aliyekuwa akibeba dhahabu kutoka machimbo ya Geita, alimwahidi mwalimu wetu: tukimtengenezea uwanja mgumu, ataturusha sote, wawili wawili.

Tulilima kama wazee wetu walivyolima, majembe mstari mmoja, mpiga ngoma mbele. Kisha kina mama wakaja kucheza hadi ardhi ikawa sakafu. Bibi yangu alileta ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Tulijivuna sana. Ndege ikaja, ikazunguka, ikazunguka tena, ikaenda zake Shinyanga mjini. Tulikuwa tumetengeneza duara, kama uwanja wa ngoma!

Jioni mtu wa baiskeli akaleta ujumbe: rubani atapita kesho mchana, na akikuta duara tena, hatarudi.

"Mlidhani inakuja kucheza?" bibi alitucheka, huku akishika jembe.

Tulilima alfajiri hadi jua la utosi. Safari hii ndege ikatua.

Rubani hakutuharakisha. Alituacha tushike mabawa, akaiga kwa mdomo kila mlio tutakaousikia. "Ukiogopa, nigonge bega. Nitashuka," alisema. Hakuna aliyemgonga. Kutoka juu niliona ng'ombe wetu kama punje za mtama, na uwanja wetu mrefu, umenyooka. Ulikuwa kazi ya mikono yetu. Nilipiga saluti, ingawa hakuna aliyeniona.

Safari ya mwisho ilibaki na nafasi moja, ya mwalimu. Mpiga ngoma wetu alikuwa mtoto wa mchungaji wa ng'ombe. Hakuwa mwanafunzi, hivyo hakuhesabiwa. Mwalimu akamshika mkono, akampandisha.

"Na wewe, mwalimu?" tukauliza.

"Rubani ana safari. Fungeni mlango."

"Anaogopa huyo!" bibi akapaza sauti. Kina mama wakaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, wala hakukana.

Mpiga ngoma alishuka akirukaruka, akitaka kurudi juu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa baba wa watoto, nilikwenda kumwamkia mwalimu nikamwuliza: alimwonea huruma yule mtoto, au kweli aliogopa?

"Si alishuka anacheka?" akanijibu, akanimiminia chai.

Mwalimu alifariki bila kupanda ndege hata siku moja. Jibu la swali langu sina hadi leo.