Kwao ni Wapi

Waruguru alikuwa na hati ya kupendeza, na hiyo ndiyo iliyomponza. Miaka ishirini na minane alitunza stoo ya shule moja ya msingi mjini Thika, na hakuna chaki wala ufagio uliotoka mlangoni bila mtu kutia sahihi. Hata mwalimu mkuu alisimama pale kama mtoto aliyetumwa dukani, akisubiri kusukumiwa kitabu. Alipostaafu akafungua kibanda cha mboga mtaani kwake Kiganjo, hapo hapo Thika, na watu wa Nyumba Kumi, kamati ya usalama wa mtaa, walipotafuta karani wa kuandika wapangaji wa ploti ya vyumba alimoishi, hawakuhangaika. Walimpigia makofi kabla hajakubali.

Ofisi ya chifu ilitaka vitu vinne tu: jina, kitambulisho, nambari ya mlango na simu. Safu ya tano aliichora Waruguru mwenyewe kwa rula na wino mwekundu, akaandika juu yake: Kwao.

Tusiharakishe kumlaumu. Sababu yake ilikuwa na jina, Mwanzia, fundi wa viatu wa mlango wa kumi na mbili, aliyeanguka akafa Alhamisi moja mchana. Mwili wake ulikaa mochari siku kumi na moja kwa kuwa hakuna jirani aliyejua pa kuupeleka. Mmoja alisema Kitui, mwingine Makueni, na simu ya marehemu ilikuwa imefungwa kwa nambari ya siri. Siku kumi na moja! Waruguru aliiona aibu ile kuwa yake, akaapa kwamba katika ploti ile hakuna mtu atakayelala tena kwenye baridi kwa kukosa wa kusema kwao ni wapi.

Basi akajiandika yeye mwanzo, mlango wa kwanza, kisha akapita kwa wengine na kalamu zake mbili. Watu walijibu bila kinyongo. Ni Jeconia Ajwang' tu aliyemletea mzaha. Huyu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Ndiye aliyemtengenezea Waruguru vyuma vya dirisha la kibanda akakataa malipo, na ndiye aliyeshika jeneza la Mwanzia upande wa kichwa.

"Baba Lenny, kwenu ni wapi?"

"Si ni hapa, mathe. Kiganjo."

"Wacha mchezo. Kwenu-kwenu."

"Mathe, nimekaa hapa miaka kumi na saba. Watoto wangu wote wamezaliwa hapa Thika, hata Gĩkũyũ wananishinda kuongea. Andika tu Kiganjo."

Waruguru akacheka kile kicheko cha mama anayemjua mwanawe, akaandika Siaya.

Miezi minne kitabu kilikaa chini ya kaunta, pamoja na vitunguu. Kisha wiki moja nyaya za shaba zikaibwa katika kiwanda kimoja, na maneno yakaanza kuzunguka barabarani, eti wezi walisikika wakiongea lugha za magharibi. Nani aliwasikia? Hakuna aliyejua, lakini uvumi hauulizi kitambulisho. Alhamisi ya wiki hiyo naibu chifu, Bwana Githae, akaja kibandani na maneno ya asali.

"Mama, naomba ile register kidogo. Monday utakuwa nayo."

Waruguru akampa. Lakini mazoea yana tabu, kwani mkono wake mwingine tayari ulikuwa umetoa kitabu chake cha zamani cha stoo. Akaandika: kitabu cha wapangaji, kimoja, kimechukuliwa. Akaweka tarehe, akamsukumia.

"Hata mimi, mama?"

"Hata mwalimu mkuu."

Githae akacheka, akatia sahihi.

Ijumaa mchana alikuja mtu mwenye jaketi ya kahawia. Hakuwa mtu wa mtaa ule. Alichagua nyanya moja, akailipia, akamtazama Waruguru kwa muda.

"Wewe ndiye mama wa kitabu?"

"Ndiye mimi. Kwani?"

"Unaandika vizuri sana. Ile red imetusaidia."

"Imewasaidia nyinyi nani?"

Akatabasamu, akaenda zake, na ile nyanya akaiacha kwenye kaunta. Waruguru hakuila wala hakuiuza. Iliozea pale pale.

Jumapili, watu wakipiga pasi nguo za kanisa, lori la polisi lilisimama langoni. Ofisa mmoja alikuwa na karatasi. Akagonga mlango wa nne, akaruka wa tano na wa sita, akagonga wa saba. Waruguru alikuwa amesimama mlangoni kwake na kitana mkononi, akisikiliza majina. Utaratibu ule aliujua. Milango iliyorukwa ilikuwa ya Murang'a, Nyeri na Kiambu. Iliyogongwa ilikuwa ya Busia, Kakamega, Homa Bay. Ofisa alikuwa akisoma safu nyekundu.

Jeconia alitolewa akiwa na kiatu kimoja. "Afande, si mniambie nimefanya nini," alisema kwa upole, na jibu lilikuwa kofi. Waruguru alitaka kupiga kelele. Hakupiga. Jambo hilo lilimuuma kuliko yote, na sitamtetea.

Walichukuliwa wanaume saba. Kufikia Jumanne sita walikuwa wamerudi, wakichechemea, bila shtaka lolote. Jeconia hakurudi. Mkewe, Maxine, alizunguka vituo akiwa na picha yake ya harusi, akaenda hadi Mwihoko kwa binamu kuuliza kama yuko huko. Kila meza aliambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Jioni alikuja kibandani kununua sukuma, machozi yakamshinda.

"Mathe, walikuwa na karatasi. Ni nani aliwapa majina yetu?"

Waruguru aliendelea kukata sukuma. Alikata nyingi kuliko zilizolipiwa, akazifunga na kumpa.

Jumatatu ilikuwa imepita bila kitabu kurudi. Jumatano Githae alikuja, safari hii bila asali. "Mama, ukiulizwa kuhusu kitabu, kilipotea. Tumeelewana? Ni kwa usalama wako." Ng'ambo ya barabara ilisimama gari, Probox ya kijivu, na ndani yake mtu wa jaketi ya kahawia akitafuna kitu, macho yake kibandani.

Alhamisi kaunti iliitisha mkutano wa wananchi katika ukumbi wa jamii, maana akina mama walikuwa wamelala nje ya ofisi ya wadi kwa siku mbili wakidai Jeconia arudishwe, na picha zao zilikuwa zimeanza kusambaa. Watu walijaa hadi madirishani. Mkubwa wa polisi alisema vijana wake walifuata habari kutoka kwa utawala. Githae alisema utawala haujawahi kuwa na orodha ya kabila la mtu yeyote, Mungu ni shahidi. Msimamizi wa wadi alisema kaunti inasikitika sana, lakini usalama si kazi ya kaunti, kazi yake ni mitaro na soko. Lawama ilizunguka meza ile kama sahani ya sadaka ambayo kila mtu anaipitisha bila kuweka kitu. Maxine alikuwa mstari wa mbele, ameishika ile picha kifuani. Ilikuwa siku ya tano.

Waruguru akasimama. Aliogopa, tena sana, akakikumbatia kiondo chake.

"Hiyo orodha iko," alisema. "Najua kwa sababu ni mimi niliiandika."

Maxine akageuka kumtazama, na Waruguru akaona vile uso wa mtu unavyofungwa.

"Niliandika ndio nijue pa kuwapeleka wakifa. Hiyo safu sikuambiwa na mtu, niliichora mwenyewe, na nitajibu kwa Mungu. Lakini mimi sina lori wala pingu. Kitabu kilitoka kwangu Alhamisi, siku tatu kabla wachukuliwe. Aliyekichukua ni huyu." Akatoa kitabu cha stoo, akakiinua. "Alitia sahihi. Githae, si ni yako?"

Simu zikainuliwa ukumbi mzima, na mkubwa wa polisi akatoka nje akiwa na yake sikioni. Alikaa huko dakika ishirini. Aliporudi hakumtazama mtu.

"Huyo Ajwang' ametambuliwa," alisema. "Yuko hospitali. Yuko hai."

Maxine alikimbia, wanawake wakimfuata. Alipita karibu na Waruguru kiasi cha leso yake kumgusa mkono, wala hakumtazama.

Waruguru alitoka wa mwisho. Langoni palikuwa na mtu wa jaketi ya kahawia, peke yake, ameegemea Probox.

"Umeongea vizuri, mama. Kama unavyoandika." Alikuwa mpole kabisa. "Kwenu ni wapi?"

Miaka arobaini alikuwa ameishi Kiganjo. Amezalia hapo, amemzika mume hapo.

"Kiganjo," alisema.

"Wacha mchezo. Kwenu-kwenu."

"Ni hapa. Andika Kiganjo."

Yule mtu akacheka kidogo, kicheko cha anayekujua. Hakuwa na haja ya kuandika. Aliingiza mkono dirishani, akatoa kitabu kikubwa cha jalada jeusi, kile ambacho kutwa nzima kilikuwa hakipo duniani, akakifungua ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Mlango wa kwanza, Waruguru. Na kwenye safu ya tano, kwa wino mwekundu na hati ya kupendeza: Kangema, kwa kaka yangu Macharia, nyumba ya pili ukipita kanisa.

Akatoa kalamu mfukoni, akautilia mstari ule alama ya vema, kama zile zilizokuwa tayari kwenye mlango wa nne na wa saba.