Nyuki Wangu Waliua Maksai, Nikamlaumu Mwenye Maksai

Siku ile tulikuwepo watano: mimi, mdogo wangu Kulwa, pacha wake Doto, mnunuzi wa asali aliyekuja na pikipiki kutoka Kahama, na jirani yetu Mama Nkwimba, mjane, aliyekuwa akilima na maksai wake wawili ng'ambo ya ua wetu wa minyaa. Kosa ni langu. Hao wanne hawana hatia hata chembe.

Mama yetu alipofariki niliacha shule darasa la sita, nikawalea hao mapacha. Mwaka jana baba naye akatuacha, ikabaki mizinga yake ya nyuki.

Nilizoea kumwona baba kwa mbali akishika nyuki mikono mitupu. Nikaamini nyuki humjua mwenyewe, na kwamba sasa watanijua mimi. Ujinga ulioje!

Ilikuwa saa saba mchana, jua linachoma. Kulwa, aliyekuwa akimsaidia baba, alinionya.

“Dada, subiri jua lishuke. Halafu baba alikuwa anatanguliza moshi, tena anakwenda polepole.”

“We Kulwa, utanifundisha? Hawa ni nyuki wa nyumbani, wananijua!”

Mnunuzi akacheka. “Haya, mwenye nyuki. Na mimi wasiyenijua nipite wapi?”

Nilitaka aone kuwa mkubwa wa mji ule ni mimi. Nikafungua mzinga bila moshi, jasho linanitoka, nimejipaka mafuta ya kunukia. Nyuki mmoja akanichoma shingoni, nikampiga kofi. Hapo ndipo nilipoharibu! Nyuki akichoma huacha harufu inayowaita wenzake. Likatoka kundi zima.

Badala ya kuingia ndani na kufunga mlango, nikakimbia huku napunga kitenge, nikapenya kwenye minyaa hadi shambani kwa Mama Nkwimba.

Maksai walikuwa wamefungwa nira. Wangekimbilia wapi? Mama wa watu alihangaika kuwafungua huku anachomwa usoni, mpaka Doto akaja mbio akamvuta mbali kwa nguvu. Maksai mmoja alikufa kabla jua halijazama.

Mwenyekiti wa kitongoji alipokuja kuuliza, nilijibu bila haya: “Mama Nkwimba amesogeza ng'ombe karibu mno na mizinga. Nyuki hawapendi harufu ya ng'ombe.”

Kulwa alinitazama, kisha akainamisha kichwa.

Mama Nkwimba, macho yamevimba hata hayafunguki, akanishika mkono. “Nisamehe, mwanangu. Nimewachokoza nyuki wa marehemu baba yako.”

Jamani! Na mimi nikajibu, “Yameisha, mama.”

Maksai aliyebaki havuti plau peke yake. Kwa hiyo kila asubuhi naenda kumlimia kwa jembe la mkono. Ananiletea uji na kuniombea kwa Mungu, anawaambia wenzake hajawahi kuona binti mwenye huruma kama mimi. Na mimi uji ule naupokea!

Ninyi mnaofuga nyuki, nawasihi: nyuki hawana undugu na mtu. Kinachowatuliza ni moshi, jua lililoshuka na mkono usio na haraka. Bila hayo, mwenyewe na mgeni ni mamoja. Na wakikuchachamalia, usikimbilie penye watu wala mifugo.

Shamba lake nitalimaliza wiki hii. Lakini ule msamaha alioniomba, mimi ndiye niliyepaswa kumwomba, na hadi leo sijamwomba.