Mama wa Majani na Lile Swali la Sigara

Habari ya kifo chake niliipata wiki iliyopita pale mpakani Gisenyi, Grande Barrière, nikimngoja dada yangu avuke kutoka Goma na vitenge vyake. Muuza ndizi mmoja aliniambia tu, kama mtu anayetaja mvua: "Mama wa Majani alishakufa, muzee. Walimuzika jana, kule juu ya Mahoko." Nikakaa chini. Dada yangu alipofika akauliza kama naumwa, nikamjibu ni jua. Ninyi mnaonisoma mmezoea niwachekeshe, na leo pia kuna kicheko humu ndani, ila ni kicheko changu mwenyewe na nakionea haya.

Marehemu aliuza majani ya tumbaku sokoni Mahoko. Aliyafunga mafundo mafundo juu ya gunia, na kwa kunusa tu alijua jani lililokauka polepole na lililoharakishwa juu ya moto. Nilikuwa mteja wake tangu aliporudi kutoka Congo na watoto wake. Kiko chake kilikuwa kifupi, cheusi, amekizungushia kitenge kisionekane, kwa sababu alikuwa amebatizwa upya katika kanisa lisilotaka tumbaku. Alisema kuuza si dhambi, dhambi ni kunywa. Ndiyo, sisi huku tumbaku tunainywa. Wenzetu waliorudi kutoka Tanzania ndio wanaoivuta. Basi tulikunywa pamoja nyuma ya kibanda, na kazi yangu ilikuwa kuchungulia kama wanakwaya wenzake wanapita.

Mwaka jana akaja muuguzi, mmoja wa hao waliorudi kutoka Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka, Kinyarwanda chake kinachechemea. Waganga wa hospitali kubwa walitaka kujua kama moshi unaleta kansa kwetu sisi kama wanavyosema unaleta Ulaya. Muuguzi akaniomba mimi, niliyeishia darasa la tatu, nimwongoze nyumba kwa nyumba na kunyoosha maneno yatakapokwama. Karatasi yake ilianza na swali moja: unavuta sigara? Ukisema ndiyo, anafungua ukurasa wa pili, anauliza ni tangu lini, halafu anawasha tochi na kukutazama mdomoni. Ukisema hapana, ukurasa huo anauruka, anakushukuru, mnaagana.

Tulipofika kwa Mama wa Majani tulimkuta uani anapukuchua maharage na wanakwaya wawili. Muuguzi akauliza kwa adabu zote. Mama akajibu bila kuinua kichwa: "Mi nivute sigara? Sigara ni ya wakubwa wenye kushuka kwenye voiture yenye dereva. Mi sijaishika hata moja, Mungu iko anaona." Na hakusema uongo. Kwetu sigara ni ile ya pakiti, ya dukani. Majani ya kiko ni kitu kingine na jina lake lingine. Kisha akanitazama kwa pembe ya jicho, na mimi nikauma mdomo nisicheke. Muuguzi akanigeukia. "Mzee, naandika hapana. Ni sawa?"

"Ni sawa, madamu," nikasema.

Barabarani nilicheka peke yangu mpaka machozi. Lakini nilijua jambo lingine. Tangu miezi miwili kabla ya siku ile, Mama alikuwa akihamisha kiko upande wa kulia kwa sababu ya kidonda chini ya ulimi kisichotaka kupona. Alidai ni pilipili, nacho ndicho kilichokuja kumuua. Kidonda kilikuwa kidogo bado, na muuguzi mwenye tochi alikuwa amesimama mbele yake.

Sitaki kujitetea kwa hali ya nchi, ingawa mnajua miaka hii tunavyokufa kwa vita. Mtu aliyenusurika na mengine yote hamwogopi moshi wa kiko. Kansa tuliiona ni ugonjwa wa wazungu na matajiri. Bon, na sasa najiuliza ni "hapana" ngapi nilizoziacha zipite, kuanzia Rubona mpaka huko milimani, kwa vikongwe waliokuwa na kiko mkononi. Waganga watazisoma karatasi zile na kusema watu wa Gisenyi hawavuti. Wao hawakudanganywa na wazee. Walidanganywa na mimi, niliyewekwa pale kwa ajili ya neno moja tu: kiko.

Juzi nilimfuata muuguzi zahanati nikamweleza yote. Nilitaka anigombeze. Aliendelea kupanga chupa za dawa.

"Mzee, nilikuuliza wewe kwa sababu mimi sijui mnavyosema nyumbani kwenu."

"Wanakwaya walikuwa pale, madamu. Ningemwaibishaje mama wa watu?"

"Ungeniita pembeni."

Nilidhani nachagua kati ya kumuumbua na kumheshimu, na nikajipongeza kwa heshima. Ninyi mnaoitwa hospitali kuwasemea wazee wenu, mama mkwe, shangazi, jirani asiyejua lugha ya muganga, mkumbukeni mwanamke huyu. Kulikuwa na pembeni. Palikuwa pale pale kwenye ua, hatua tatu kutoka kwenye ungo wa maharage, na mimi sikuzipiga.