Nukta za Meza ya Mwisho

Mpima mizani wa kiwanda cha sabuni alilelewa na shangazi yake, na ni shangazi huyohuyo aliyemwombea kazi pale. Binti huyo akakaa chumba cha mizani na koti jeupe. Shangazi akabaki meza ya mwisho, akimimina sabuni ya moto kwenye kalibu kama alivyofanya tangu ujana wake.

Kiwanda kilipoanza mambo ya takwimu, binti alipelekwa mafunzoni, akarudi na chati. Kila saa alipima vipande vichache vya kila meza, akatia nukta kwenye chati ukutani, kati ya mistari miwili myekundu. Nukta ikivuka mstari, kuna tatizo, litafutwe. Aliipenda chati ile, jamani, hata nyumbani hakuwa na hadithi nyingine.

"Haya, mwanangu," shangazi alimtania, "ipo siku utanipima na mimi."

Akampima. Nukta za meza nyingine zilitulia. Za meza ya mwisho zilirukaruka kama bisi kikaangoni.

"Nani yuko pale?" msimamizi akauliza.

"Shangazi yangu." Kisha, kwa kutaka aonekane hapendelei ndugu, akaongeza maneno ambayo hakuna aliyemwomba: "Labda ni mikono. Umri umeenda."

Shangazi aliagwa kwa makofi na katoni ya sabuni.

Mwanamke mwenye nguvu zake akawekwa mezani pale. Nukta zikaruka vilevile. Ndipo mpima mizani alipotoka chumbani mwake, akasimama kuitazama kazi yenyewe. Sabuni ilisukumwa kwa toroli kuanzia meza ya kwanza. Ikifika ya mwisho imeshaanza kuganda, haijai vizuri kwenye kalibu. Hakuna aliyeitaka meza ile. Shangazi aliichukua zamani ili wenzake wasigombane.

"Mbona hamkuniambia?"

"Si wewe ndiye unayepima?" mmoja wa wamiminaji akamjibu. "Tulijua unajua."

Alimweleza msimamizi. Toroli la pili likaletwa, nukta zikatulia, msimamizi akasifiwa. Alipoulizwa kuhusu shangazi, alisema yaliyopita si ndwele. Rahisi kusema, kama aliyeumia si wewe.

Jioni ile binti alikwenda kwa shangazi, mtoto wake mgongoni. Alimkuta akimiminiwa chai na jirani. Akaeleza yote huku akilia.

"Haikuwa mikono yako, shangazi. Ni toroli. Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani, mwanangu. Futa machozi."

Moyo ukamtulia kidogo. Akamfungua mtoto mgongoni, akamnyooshea shangazi ampakate, maana mtoto huyo hakuwahi kuingia nyumba ile asipakatwe. Shangazi alimwangalia mtoto kwa hamu, akanyoosha mikono. Kisha akairudisha mikono yake, akaificha chini ya shuka alilojifunika.

"Mlaze hapo mkekani," alisema. "Nisije nikamwangusha."